Washa taa kwanza: kwa mnaoanza kufumua programu dhibiti za MP3

Wadogo zangu, karibu kila mgeni wa kazi hii ya kufumua programu dhibiti (programu iliyo ndani ya kifaa inayokiendesha) huniambia anataka MP3 yake isome faili za muziki za FLAC na menyu iwe ya Kiswahili. Namjibu: ukiweza kuiwasha taa ya skrini kwa amri uliyoiandika mwenyewe, njoo tuongee. Wengine huona nawadharau. Kumbe hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Programu yako ikishindwa, skrini inabaki nyeusi, na weusi huo hausemi kama kosa ni lako, ni la anwani ya kumbukumbu, au msimbo wako haukuguswa kabisa. Unahitaji dalili moja: taa, mlio, chochote.

Hakuna kisa kinachoonyesha hili kama cha iPod ya kizazi cha nne. Mwaka 2005 watu wa mradi wa kuingiza mfumo wa Linux kwenye iPod walikuwa wamekwama kwenye modeli ile. Walihitaji kuisoma programu ya kuwashia iliyokuwa ndani ya chipu, na hawakuwa na njia ya kuitoa. Kijana wa Kijerumani, Nils Schneider, alijua kitu kimoja tu cha iPod ile anachoweza kukiamrisha: kidude kinachotoa mlio wa "tik" unapozungusha gurudumu. Akaandika programu fupi inayosoma kumbukumbu na kuzigeuza baiti kuwa milio, akaifungia iPod na maikrofoni ndani ya sanduku lililozibwa kelele, akarekodi kwa masaa mengi, kisha kompyuta ikageuza sauti kuwa baiti tena. Data ikatoka kwa "tik, tik, tik". Ukisema huna vifaa, mkumbuke huyo.

Kabla ya kufika huko, soma faili la sasisho ambalo mtengenezaji mwenyewe analitoa. Lifungue kwenye kihariri cha heksadesimali (namba za msingi wa 16), baiti 16 kwa mstari, ulitazame tu kama unavyotazama kitambaa kutafuta mshono. Vicheza muziki vingi vina kichakata cha ARM, na amri zake nyingi za biti 32 huanza na E, kwa kuwa biti nne za juu ni sharti, na E maana yake ni "tekeleza bila sharti". Baiti ndogo hutangulia, kwa hiyo E hiyo inaangukia kwenye baiti ya nne. Utaona safu wima za E1, E3, E5, EB zikishuka kila baada ya baiti nne. Siku ya kwanza nilipoziona nilicheka peke yangu. (Msimbo wa Thumb, yaani amri fupi za ARM za biti 16, hauonyeshi safu hizo, usikate tamaa mapema.)

Usipoona safu wala maneno yanayosomeka, faili limebanwa, limefichwa, au limevurugwa tu. Usikimbilie kusema "limefungwa kwa ufunguo". Mwaka 2001 waanzilishi wa Rockbox, programu dhibiti huria ya vicheza muziki, walikutana na kicheza muziki cha Archos Jukebox, yenye kichakata cha Hitachi SH-1. Faili lake lilionekana takataka tupu. Kumbe kila baiti ilizungushwa biti moja, sifuri zikageuzwa moja na moja zikageuzwa sifuri, kisha baiti zikagawanywa mafungu manne. Hapakuwa na ufunguo wowote.

Ukishapata msimbo, tafuta anwani unakopakiwa. Chukua neno unaloliona kwenye skrini, tuseme "Battery low", uone liko wapi ndani ya faili. Kama ni 0x1A40, tafuta kielekezi chake, yaani namba ndani ya msimbo inayotaja mahali neno lilipo: baiti 40 1A zikifuatwa na nyingine mbili. Ukikuta 40 1A 00 30, huenda mwanzo wake ni 0x30000000. Rudia kwa maneno kumi. Yakikubaliana, iambie Ghidra, programu ya kufumulia msimbo, anwani hiyo, na vielekezi vyote vitakaa mahali pake. Ukiruka hatua hii utasoma upuuzi wiki nzima, na nasema hivyo kwa sababu mimi nilisoma wiki mbili.

Sasa kuhusu kuflashi, yaani kuandika programu mpya ndani ya kifaa. MP3 yangu ya kwanza niliiua jioni moja: nilibadilisha herufi tatu za menyu, nikasahau kukokotoa upya jumla ya ukaguzi (namba inayothibitisha kuwa faili halijaharibika) kwenye kichwa cha faili, na programu ya kuwashia haikuangalia jumla hiyo ila baada ya kufuta ya zamani. Fundi simu wa mtaani kwetu aliigeuza mara mbili akanirudishia, hata hela hakutaka. Tangu hapo nanunua mbili za aina moja, na siandiki chochote kabla ya kujua njia ya kurudi. Kwenye kicheza muziki cha Sansa Clip, kwa mfano, kisakinishi cha Rockbox hubana programu ya mwenye kiwanda ili kipate nafasi ya kuweka yake kando, na ukishika kitufe cha kushoto wakati wa kuwasha unaingia kwenye ile ya zamani. Tena kinakuomba wewe ulilete faili la mtengenezaji, maana watu wa Rockbox hawaligawi. Nawe ukija kutoa kazi yako, toa mabadiliko yako tu.

Ile iliyokufa ipo bado kwenye droo. Mara moja moja naichomeka kwenye kompyuta, nione kama itaita.