Kitunguu saumu mwitu: chuma, lakini jani moja moja

Dada, nimekuelewa: kila ukipita kwenye kile kichaka cha Devon, Uingereza, kinanukia kitunguu saumu, majirani wanachuma, nawe unatamani ila unaogopa sumu. Woga huo mzuri, usiutupe.

Mmea wenyewe ni Allium ursinum, huota penye kivuli na unyevu, na Machi na Aprili majani yake huwa laini. Mimi huchuma jani moja moja, kamwe sikumbatii fungu zima, maana katikati yake hujipenyeza mmea mwingine, Arum maculatum, wenye sumu. Mishipa ya jani lake imesukwa kama wavu. Ya kitunguu huenda sambamba mpaka nchani. Yungiyungi la bondeni (lily of the valley) hufanana nacho zaidi, na sumu yake hushika moyo. Majani ya hilo hayanuki kitunguu, na shina moja hutoa majani mawili au zaidi. Lakini pua nayo hudanganya! Ukishachuma majani kumi, vidole vyako vinanuka, basi kila kitu kinanuka kitunguu. Penye shaka, acha.

Using'oe mzizi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Sheria ya Uingereza ya 1981 ya kulinda mimea na wanyama wa mwituni inakataza. Na kama una mbwa, mfunge kamba, kondoo wanazaa majira hayo.

Nyumbani osha, katakata, tia mwishoni kwenye maharage ya nazi. Moto mwingi huua ladha.

Mtu akila kisha akatapika sana au mapigo ya moyo yakavurugika, piga 999, namba ya dharura ya huko, mara moja, na hifadhi majani yaliyobaki madaktari wayaone.