Safari ya ghafla na mbwa, kutoka Dar hadi Bagamoyo

Kaskazi imeingia na joto la mjini halivumiliki. Barua nyingi wiki hii ni za watu walioamka Jumapili wakatamani kumpakia mbwa garini na kuifuata pwani. Nami hufanya hivyo na Bobi wangu, kwa hiyo nimejibu ninayoyajua.

Nimeamua leo leo, naondoka na mbwa. Nibebe nini? (Tegeta)

Maji ya kunywa, dumu la lita 5, na bakuli. Kamba ya shingoni, taulo, na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mengine yote utayapata njiani. Kutoka katikati ya jiji mpaka Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, na wewe wa Tegeta umeshapunguza. Toka saa 12 alfajiri. Ukichelewa hadi saa 5, ngoja alasiri: mchanga mkavu ukiuwekea mgongo wa kiganja ukashindwa kuhesabu mpaka saba, nyayo zake zitaungua.

Shikamoo. Nilifika saa 4 asubuhi nikakuta bahari imekimbia, mbwa hana pa kuogelea. Ningejuaje? (Mbezi Beach)

Marahaba, mwanangu. Tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, pwani yetu hii maji hupwa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni. Kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo, saa ile ile uliyokosa maji unayakuta yamejaa.

Ila usisikitikie kupwa. Mchanga uliolowa ni mgumu na wa baridi, na mbwa hupata uwanja usio na mwisho. Bobi hukimbia hapo mpaka ulimi unaning'inia. Tahadhari moja tu: msiende mbali sana, maana maji yakirudi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu.

Anaokota kila kitu ufukweni na kunywa maji ya bahari. Ni hatari? (Kigamboni)

Ndiyo, na hapa sitaki mzaha. Maji ya chumvi humharisha na kumtapisha, na akiyanywa mengi yanaweza kumuua. Mpe maji yako kila baada ya muda mfupi, kabla hajatafuta mwenyewe. Kibaya zaidi ni bunju, samaki anayejivimbisha, ambaye wavuvi humtupa mchangani. Sumu yake haiishi kwa kufa wala kwa kukauka, na haina dawa ya kuizima. Mbwa akimla, akaanza kutapika, kuyumba na kulegea miguu, usijaribu maziwa wala mafuta. Kimbia kwa daktari wa mifugo.

Wenyeji wananikwepa nikipita na mbwa wangu, na yeye ni mpole. Nifanyeje? (Mikocheni)

Ndugu yangu, upole wake si hoja. Wengi wa pwani ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambako mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi. Akikugusa nao, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mtu aliyetoka kutawadha akielekea msikitini analazimika kurudi kuosha hivyo palipoguswa na unyevu huo kwa sababu ya mbwa wako aliyetaka kumsalimia tu. Mfunge kamba unapopita mitaani na kando ya misikiti, hasa Ijumaa mchana. Mweke mbali na nyavu na dagaa walioanikwa, kwa sababu hicho ni chakula cha watu, na mbwa huinua mguu popote. Usimwingize kwenye magofu ya Kaole. Pale pana msikiti wa kale na makaburi.

Mimi husalimia kwanza nikiwa bado mbali, kisha nauliza, "Nipite upande gani na mbwa huyu?" Mzee mmoja mvuvi alinionyesha sehemu tulivu kupita zote nilizowahi kuogelea na Bobi.

Naweza kuunganisha hadi Saadani? (Bunju)

Hapana. Ni hifadhi ya taifa, na mbwa haruhusiwi. Geuzia Bagamoyo.

Wangu ana miaka 11, anachechemea. Nimwache nyumbani? (Kinondoni)

Mpeleke. Usimwache ndani ya gari lililofungwa hata kidogo. Joto hupanda kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10. Mtafutie kivuli karibu na maji. Akihema kupita kiasi na mate yakawa mazito, mmwagie maji mwili mzima, umpepee, umwahishe kwa daktari.

Mbwa wangu wa kwanza, uzeeni, hakuweza tena kukimbia. Alikuwa akilala pale maji yanapofika tumboni, pua ameielekeza kwenye upepo, na jioni ilibidi nimbebe kumrudisha garini.