Kuandaa Alfa Romeo GTV ya zamani kwa ajili ya sakiti: nguvu zije mwisho

Mtu akishaipata GTV yake, ile Alfa Romeo ya milango miwili, iwe modeli ya 1750 au ya 2000, swali la kwanza kwa fundi huwa ni moja: nguvu za farasi zitaongezwaje? Swali hilo lina wakati wake, ila si sasa. Injini ya cc 1,779 na ile ya cc 1,962 zote zina nguvu ya kutosha kwa gari lenye uzito wa tani moja na kidogo. Kinachoiua gari hii kwenye sakiti ni joto, oili inayokimbilia upande mmoja kwenye kona, na mipira iliyochoka. Alfa Romeo wenyewe walipotoa GTA, ndugu yake wa mbio, mwaka 1965 walitanguliza kupunguza uzito: bati za nje zikawa za aluminiamu na gari likashuka hadi kilo 745. Ile herufi A ni ya neno la Kiitaliano *alleggerita*, yaani iliyopunguzwa uzito.

Kabla ya kununua kifaa chochote, pandisha gari juu ya stendi, chukua bisibisi butu na nyundo ndogo, ugonge chini kote. Kutu ya GTV hujificha kwenye vizingiti vya milango, ambavyo vina tabaka kadhaa za bati, kwenye sakafu ya mbele, shimo la tairi la akiba, na pale mikono inayoshika ekseli ya nyuma inapoungana na bodi. Hapo pa mwisho ndipo pa kuogopa zaidi, kwa sababu kila unapokanyaga mafuta au breki ekseli nzima huvuta bodi kupitia bati hilo. Bati likisikika zito kama ubao badala ya kulia kama chuma, chini ya rangi kuna kutu au kuna pati. Angalia pia nyufa kuzunguka boliti za steringi boksi na mahali stabilaiza ya mbele, fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona, inapofungwa. Springi ngumu kwenye bodi iliyooza zitamaliza kilichobaki.

Oili

Injini hii ina bloku ya aluminiamu na laina (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) za chuma cha kalibu zinazozungukwa na maji. Sampu yake, yaani bakuli la oili, nayo ni ya aluminiamu, inaning'inia chini, na haipendi kugonga kingo za sakiti. Kwenye kona ndefu oili hupanda ukuta wa sampu, bomba la pampu likavuta hewa, na beringi za konrodi huwa za kwanza kuungua. Funga vizuizi ndani ya sampu, vyenye vilango vinavyoruhusu oili kurudi kwenye bomba lakini haviiruhusu kutoka. Oili iwe kwenye alama ya juu kabisa kila unapoingia sakiti, isiwe katikati.

Taa ya oili isikupe imani. Ikiwaka, kazi imeshaharibika. Weka geji mbili, moja ya presha na nyingine ya joto la oili, mahali ambapo jicho linafika bila kugeuza kichwa. Injini ikiwa moto, presha kati ya bar 3.5 na 5 kwenye mizunguko ya juu ni nzuri. Sindano ikishuka ghafla katikati ya kona kisha ikarudi gari linaponyooka, pampu haina ubaya: oili imekimbia. Punguza mwendo kwenye kona hiyo, urudi gereji ukafanye kazi ya sampu.

Maji hupata moto mapema sana kuliko oili, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Geji ya maji ikionyesha digrii 80, oili inaweza kuwa bado nzito. Usivuke mizunguko 3,000 hadi oili nayo ifike digrii 80. Ikikaa kati ya 90 na 110, kimbiza. Ikivuka 130, toa mguu. Na kama inafika huko kila siku ya joto, funga rejeta ya oili yenye thamostati. Oili ya 20W-50 yenye zinki ya kutosha, au 10W-60, inafaa. Zinki ndiyo inayolinda kamshafti na vikombe vya valvu, na oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa.

Kila unapomwaga oili, ikate filta. Tumia kikata bomba au msumeno safi, toa karatasi ya ndani, ikamue, uitandaze juani. Vumbi jeusi ni la kawaida. Chembe za rangi ya fedha au shaba zinazometameta kama magamba ya dagaa ni beringi. Sumaku ya kwenye nati ya sampu haitakuonyesha hizo, kwa kuwa hushika chuma tu, na uso wa beringi si chuma.

Gasketi ya silinda hedi

Pete ndogo za mpira zinazozunguka njia za oili kati ya bloku na hedi ndizo mahali penye matatizo mengi kuliko pengine popote. Zikichoka, oili huvuja pembeni ya injini au huingia kwenye maji. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi: ukikuta ute wa rangi ya kahawa ya maziwa, hedi lazima ishuke.

Wakati wa kuishusha, usichokoe kwa bisibisi kati ya nyuso mbili za aluminiamu. Hedi hushikwa na kutu kwenye stadi zake, zile boliti ndefu zisizo na kichwa. Lowesha stadi kwa oili ya kupenyeza siku kadhaa, kisha inua kwa usawa. Ikishatoka, usizungushe krankshafti kabla ya kuzibana laina kwa washa pana na nati juu ya stadi. Pistoni ikipanda huinua laina, mpira wa chini ukaachia, na maji yakaingia kwenye sampu. Wengi hulipa gharama ya injini nzima kwa kosa hili la dakika moja.

Kabla ya kuweka gasketi mpya, pima kwa daili geji jinsi kila laina inavyosimama juu ya uso wa bloku. Isiwe chini ya uso huo na isizidi milimita 0.06, na zote nne zikaribiane. Laina moja ikiwa chini kuliko jirani zake, gasketi mpya itaungua pale pale ilipoungua ya zamani. Hedi ikiwa mezani, badilisha pia valvu za ekzosi za zamani. Zile za asili zina sodiamu ndani ya shina, na zikishazeeka kichwa kinaweza kukatika kikaangukia pistoni. Valvu za kipande kimoja za chuma kisichoshika kutu huondoa hofu hiyo.

Kabureta na taiming

Kabureta mbili, ziwe Weber, Dell'Orto au Solex, hushikiliwa na mipira iliyogandishwa kwenye chuma. Uzito wa kabureta na mtikisiko huipasua mipira hiyo, na ufa huanzia mahali usipopaona. Shika kabureta injini ikiwa imezimwa, uisukume juu na chini huku ukimulika tochi: nyufa zitafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki. Hewa ikiingia hapo, mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda, na silinda hiyo ndiyo itakayotoboka pistoni. Weka mipira mipya, na usisahau kile chuma cha kuegemeza kabureta kwa chini. Wengi hukitoa wakidhani ni urembo.

Ukiondoa boksi la filta ili injini ivute hewa zaidi, lazima jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, zibadilishwe. Funga kipimo cha oksijeni kwenye ekzosi, ukanyage hadi mwisho kwenye gia ya tatu, usome. Uwiano wa 12.5 hadi 13 za hewa kwa 1 ya petroli ndio unaotaka chini ya mzigo. Ukiona 14, simama. Hosi za petroli nazo ziwe za aina inayovumilia ethanoli, maana ethanoli hulainisha mpira wa zamani kutoka ndani bila nje kuonyesha lolote.

Taiming, yaani wakati cheche inapowaka, ipimwe kwenye mizunguko ya juu, kwa taa, ukitumia alama ya M kwenye puli ya krankshafti. Kuna P ya pistoni ikiwa juu kabisa, F ya taiming ya sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), na M ya mwisho wa taiming kupanda. Fundi anayepima F peke yake ameacha kupima kitu kinachounguza pistoni, kwa sababu distribyuta iliyochakaa inaweza kuipandisha M kupita kiasi hata kama F iko sawa.

Mguu wa mbele

Hapa ndipo pesa ionekane. GTV ikitoka kiwandani haina mahali pa kurekebisha kemba, yaani gurudumu linavyolala kwa juu kuelekea ndani au nje, na tairi ya nje hulala kwenye kona hadi ukingo wake wa nje ukaliwa wote. Juu kuna fimbo mbili zinazokutana kwenye boli joini moja: moja inakwenda ndani na kushika kemba, nyingine inakwenda mbele na nyuma na kushika kasta, yaani mhimili wa kugeuzia gurudumu unavyolala mbele au nyuma. Weka fimbo za juu zenye uzi wa kurekebishia. Kila ukigusa kemba, rudi upime kasta, kwa sababu zinavutana. Anza na kemba ya digrii 2 hasi (juu ya gurudumu ikielekea ndani) kwa tairi za barabarani, 2.5 hadi 3 kwa tairi za nusu mbio. Tou, yaani magurudumu ya mbele yanavyoelekea ndani au nje ukiyatazama kutoka juu, iwe sifuri, au milimita moja kwenda nje.

Kosa la kawaida ni kushusha gari ili lipendeze. Likishuka sana, mkono wa chini unapanda kuelekea gurudumu, kituo cha kulala kwa bodi (nukta ambayo bodi huizunguka inapolala) kinazama chini ya ardhi, na gari linalala zaidi kuliko lilivyokuwa juu hata ukiweka springi ngumu. Mkono wa chini uwe mlalo, au ushuke kidogo kuelekea gurudumu. Ukitaka kushuka zaidi ya milimita 30 au 40, funga vipande vya kuishusha boli joini ya chini ili mkono urudi mahali pake. Na springi ya mbele itolewe kwa adabu: toa boliti za sahani yake moja moja, weka fimbo ndefu za uzi badala yake, kisha legeza kidogo kidogo kwa zamu. Springi hiyo ikiruka inaua.

Stabilaiza nene iende mbele. Ya nyuma iache kama ilivyo. Picha za GTA za miaka ya 1960 zinaonyesha gurudumu la mbele la ndani likining'inia hewani katikati ya kona. Mtu akiona hudhani gari limekosewa, kumbe ndivyo magurudumu mawili ya nyuma yanavyobaki chini yakisukuma.

Nyuma usiweke bushi za plastiki ngumu kwenye mikono ya ekseli. Bodi ikilala, mikono ile hujipinda pamoja na ule mkono wa katikati wenye umbo la T. Mpira unaruhusu, plastiki inakataa, na nyuma hukatika ghafla bila onyo.

Ukitoka sakiti, kabla tairi hazijapoa, pima joto lake ndani, katikati na nje. Nje ikiwa moto kuliko ndani, ongeza kemba hasi. Katikati ikiwa moto kuliko pande zote mbili, upepo umezidi.

Breki na vinginevyo

Diski nne za asili zinatosha kwa gari jepesi, mradi usiziunguze. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia digrii 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 155, na siku moja ya sakiti inafika huko. Tumia mafuta ya mbio yanayovuka 300 na uyabadilishe mara kwa mara. DOT 5 ya silikoni usiiguse kwa kazi hii. Pedi mpya zikolezwe: mara nane hadi kumi kutoka kilomita 100 hadi 30 kwa saa bila kusimama, kisha endesha taratibu zipoe. Ukimaliza sakiti usivute handibreki diski zikiwa moto.

Kama mafuta ya breki yanapungua na huoni uvujaji, na ekzosi inatoa moshi mweupe, angalia sevo, kile kifaa cha vakyumu kinachosaidia mguu kukanyaga breki. Mpira wake ukipasuka, injini hunywa mafuta ya breki kupitia hosi ya vakyumu.

Giaboksi ina udhaifu unaojulikana: sinkronaiza ya gia ya pili, ile pete inayosawazisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Oili ikiwa baridi, ruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Usitie oili ya difu humo, kwa kuwa utelezi wake huzuia sinkronaiza kushika. Donati ya mpira kati ya giaboksi na propela ikaguliwe kila ukiwa chini ya gari. Ufa wowote unaoingiza ukucha ni wa kubadilisha. Unapoifunga, usishike nati na kuzungusha boliti isipokuwa huna njia nyingine. Kawaida boliti ndiyo itulie ili mpira usijipinde.

Kiti, mkanda na kizima moto havihitaji maelezo: viwepo.

Baada ya kilomita chache za kwanza kwenye sakiti, kaza upya nati za magurudumu, na hapo kuwa mwangalifu. Kwenye magari mengi ya mfululizo huu, upande wa kushoto una uzi wa kushoto, yaani nati hufunguka kwa kuzungushwa kama mshale wa saa. Anayedhani nati imeshikwa na kutu huikaza zaidi hadi stadi ikatike, kwa hiyo andika kwa rangi ndani ya kila tao la gurudumu upande wa kufungulia.