Maswali na Majibu: Shirikisho la 1963 Lingekaaje?

Mwezi uliopita niliandika kuhusu Azimio la Nairobi la Juni 5, 1963, ambamo Kenyatta, Nyerere na Obote waliahidi shirikisho la Kenya, Tanganyika na Uganda kabla mwaka haujaisha. Niliwaomba wasomaji waulize: lingezaliwa kweli, serikali yake ingekaaje?

Nani angekuwa rais?

Niliomba swali hili lisiletwe, likaja mara kumi na mbili. Ulizeni angechaguliwa na nani. Kwa kura za wananchi wote, nchi zenye watu wachache zingenung'unika. Kwa zamu, kila baada ya miaka michache tungepata rais anayefikiria kwao tu.

Kenya ilikuwa na majimbo, Uganda ilikuwa na Kabaka, mfalme wa Buganda. Zingeingiaje? (Msomaji, Kisumu)

Hatimaye mtu ameuliza. Wakati azimio linatiwa saini, Kenya ilikuwa na katiba mpya ya majimbo: mikoa saba yenye mabaraza yake, ukiacha Nairobi, na Seneti ya wajumbe 41. Uganda, kwa katiba ya 1962, iliiachia Buganda Lukiiko, yaani bunge lake, na madaraka ambayo wilaya nyingine hazikuyaona. Oktoba 1963 Kabaka Mutesa II akawa rais, Obote akiwa waziri mkuu. Tanganyika ilikuwa jamhuri tangu Desemba 1962, rais ana nguvu zote, jimbo halipo hata moja.

Basi mkazi wa Mengo, makao ya Kabaka, angetungiwa sheria na mabunge matatu, wa Dodoma mawili. Jambo lisilotajwa kwenye katiba lingekuwa la nani? Mengo hawakutaka shirikisho ambalo lingewafanya wadogo zaidi. Na kumbukeni yaliyofuata: Kenya iliyafuta majimbo Desemba 1964, na Mei 1966 askari wa Obote waliuvamia Mengo. Ndani ya shirikisho, jeshi lile lingekuwa la nani, na amri ingetoka wapi? Asiyeweza kujibu hilo asinichoree muundo.

Fedha zingetoka wapi?

Mfano ulikuwapo. Tangu 1961 nchi tatu zilikuwa na Shirika la Huduma za Pamoja. Asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa, na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni ya viwanda na fedha, ziliingia mfuko mmoja. Nusu iliendesha huduma za pamoja, nusu iligawanywa sawasawa kwa nchi tatu. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, kwa hiyo mgao ule ulikuwa fidia kwa wenzake. Shirikisho lingehitaji mfuko mkubwa mara nyingi kuliko huo, na ndipo ugomvi ulipoanza: Uganda ilitaka kila nchi iendelee kukopa yenyewe nje. Serikali isiyo na kodi yake ni ombaomba mwenye wimbo wa taifa.

Mji mkuu?

Mngegombana hadi leo.

Zanzibar je?

Ilipata uhuru Desemba 10, 1963, mapinduzi yakaja Januari 12. Kama ingeingia, ingekuwa mmoja kati ya wanne, si mmoja kati ya wawili, na Tanganyika ingebaki na serikali yake. Ubishi wa serikali mbili au tatu usingepata pa kukaa. Mnaotaka tuijadili rasimu ya katiba ya Tanzania ya Warioba, subirini zamu yenu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa si ndiyo shirikisho lenyewe?

Hapana! Nimelijibu hili mwaka jana na mwaka juzi. Mkataba unaweka umoja wa forodha, soko la pamoja na umoja wa fedha kwanza, shirikisho mwisho. Bunge la Arusha lina wabunge tisa kwa kila nchi, iwe Burundi au Kongo, na halitozi kodi. Mwaka 2017 wakuu wenyewe walikubali waanze na konfederesheni, yaani kila nchi ibaki na mamlaka yake.

Bendera ingekuwa na rangi gani?

Nimepokea michoro saba, ahsanteni. Rasimu ya bajeti sijapokea hata moja.