Nimechoka kumuuguza mdogo wangu. Niende naye likizo au nimwache?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nauguza mdogo wangu wa kiume mwenye ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Anameza lithiamu kila usiku na sasa ametulia. Tangu aanze kuugua sijawahi kulala nje ya nyumba. Nataka wiki moja ya kupumzika. Niende naye sehemu ya ufukweni yenye joto, au nimwache na binamu yetu? Na dawa zake zitakuwaje?

JIBU: Marahaba, dada. Umeandika habari ya uchovu wako kana kwamba unaomba radhi, na huna la kuombea radhi. Muuguzaji aliyeishiwa nguvu huchelewa kuona dalili, husahau dozi na hukaripia pasipostahili. Mapumziko yako ni sehemu ya matibabu ya mdogo wako.

Ukienda naye, hiyo ni likizo yake. Wewe utakuwa kazini palepale, ukilala usingizi wa mang'amung'amu. Kwa kuwa ametulia, ningekushauri umwache, mradi yeye mwenyewe ashirikishwe na akubali. Kaeni watatu mzungumze, kisha binamu alale naye usiku mmoja au miwili ya majaribio kabla hujaenda mbali.

Mwachie binamu karatasi moja tu, lakini iandike vizuri. "Uwe makini naye" haimsaidii mtu. Andika mambo unayoyajua wewe: akianza kufua nguo saa nane za usiku, akiongea haraka kuliko kawaida yake, akilala kwa saa tatu na kuamka hana uchovu. Usingizi ukikatika hivyo usiku wa pili mfululizo, apige simu kliniki bila kungoja urudi. Namba ya kliniki iwe juu kabisa ya karatasi.

Sasa lithiamu, maana hapa ndipo watu hujikwaa. Kiwango kinachotibu kiko karibu sana na kinachodhuru. Mara nyingi tunalenga milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita ya damu. Dawa hii hutolewa na figo. Mwili ukipungukiwa na maji au chumvi kwa jasho, kuharisha au kutapika, figo huizuia isitoke na kiwango hupanda. Kwa hiyo anywe maji ya kutosha na kiasi cha chumvi katika chakula chake kisibadilishwe ghafla. Akiumwa kichwa apewe parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha lithiamu, na binamu anaweza kumpa kwa nia njema kabisa. Akisahau dozi, asimeze mbili kwa mpigo. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, akiyumba, ulimi ukiwa mzito, akitapika au akichanganyikiwa, asimeze dozi inayofuata, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na waambiwe anatumia lithiamu.

Ikiwa mna kipimo cha damu kinachokaribia, kifanyeni kabla hujaondoka. Damu huchukuliwa takriban saa 12 baada ya dozi ya mwisho.

Wasomaji wengine wanaouguza watu wanaotumia klozapini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili: ikikosekana kwa zaidi ya saa 48, mgonjwa asirudie dozi yake ya kawaida. Daktari humwanzisha upya kwa dozi ndogo. Na kwa wanaochomwa sindano ya dawa ya akili kila mwezi, hakikisheni tarehe haiangukii ndani ya mapumziko.

Siku mtakayosafiri pamoja, na natumaini itafika, epukeni safari za usiku. Kukosa usingizi kunaweza kuamsha wazimu wa furaha, yaani kuchangamka kupita kiasi kwa ugonjwa huu, hata kwa mtu aliyetulia muda mrefu.

Ukiwa kwenye mapumziko yako, wewe na binamu kubalianeni simu moja kwa siku, saa maalumu. Ukipiga kila saa, binamu hatajiamini na wewe hutapumzika. Ukirudi, kaeni naye mhesabu vidonge vilivyobaki, akueleze usingizi ulikuwaje kila usiku, na mpange tarehe ya mapumziko yako yajayo kabla hajaondoka.