Nimemkuta baba mdogo katika nyumba ya zamani: nimwambie baba?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Nyumba aliyoijenga babu mzaa baba imefungwa tangu bibi alipofariki, na katika familia yetu yeyote anayepita karibu huingia kuangalia kama paa halivuji na kama milango ingali salama. Safari hii nilikwenda mimi. Nilikuta mlango wa nyuma umeegeshwa tu, na ndani, katika chumba cha bibi, alikuwamo mzee mmoja amesimama. Kabla sijapaza sauti aligeuka, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniita kwa jina la shangazi yangu ambaye sasa ni marehemu. Nilipomweleza mimi ni nani, aliketi akalia.

Alijitambulisha kuwa ni mdogo wake baba. Tangu utotoni nimesikia kwamba baba alikuwa na mdogo wake aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi nilipokuwa na umri wa miaka 3, na kwamba jina lake halitajwi mbele ya baba. Mimi simkumbuki hata kidogo. Kilichonifanya nimwamini ni jambo dogo: dirisha la chumba kile lina komeo ambalo ni lazima uliinue kidogo kwa kidole gumba kabla ya kulivuta, na kila mgeni hushindwa kulifungua. Yeye alilifungua huku akiendelea kuzungumza, bila hata kulitazama. Hata hivyo, alishikilia kwamba chumba kile kilikuwa cha babu na kwamba bibi alikuwa akilala chumba cha mbele, ilhali mimi nimelala humo na bibi kwa miaka mingi.

Tulipoagana alinipa namba yake ya simu, lakini hakuniambia nimfikishie baba salamu, wala hakunikataza. Tangu siku hiyo sina raha. Je, nimwambie baba, ambaye ni mzee na ana shinikizo la damu? Nitajuaje kwamba huyu ni baba mdogo kweli, na si mtu aliyesikia habari zetu na sasa anainyemelea nyumba? Na hayo ya jina la shangazi na ya vyumba, je, ni dalili kwamba akili yake imeanza kuchoka?

Msomaji, jina limehifadhiwa


JIBU

Mpendwa msomaji,

Usimwambie baba yako bado. Rudi kwanza kwa huyo mzee. Yeye hakuja kukutafuta wewe wala kumtafuta kaka yake; aliingia katika nyumba aliyodhani haina mtu, nawe ukamkuta katika hali ambayo huenda hakutaka kuonwa na yeyote. Habari ya kurejea kwake ni yake kabla ya kuwa yako, na nina hakika kwamba mambo mengi yatakayofuata, mema au mabaya, yatategemea kama yeye ndiye aliyeifungulia mlango au aliikuta tayari imezagaa kwa ndugu wote. Mtu anayetaka kutoweka tena haachi namba ya simu. Lakini pia mtu aliye tayari kupokelewa leo hii angekutuma salamu. Bado anasita, na usimsukume.

Sasa nije kwenye mashaka yako, kwa kuwa ni ya haki. Jina la shangazi halinitishi, kwangu linamtetea. Kwa wastani, mtu na shangazi yake wana robo ya vinasaba vinavyofanana, yaani 25%, na mara nyingi robo hiyo hujionyesha katika paji la uso, katika macho au katika namna ya kusimama. Mtu aliyeondoka akimwacha dada yake akiwa kijana, kisha akageuka na kuona sura kama ile ndani ya nyumba ile ile, hana budi kuona aliyemwacha. Kumbukumbu za nyuso hudumu kupita tunavyodhani. Mwaka 1975, Harry Bahrick na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu 392 waliokuwa wamemaliza shule ya sekondari katika miaka tofauti, na wakaona kwamba hata baada ya miaka ipatayo 35 watu hao waliweza kuzitambua picha za wanafunzi wenzao kwa kiwango cha karibu 90%, ingawa kuyakumbuka majina bila msaada kuliwapa taabu kubwa.

Kuhusu komeo, ulifanya vizuri kulitilia maanani. Mwanasaikolojia Brenda Milner aliwahi kumchunguza mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kuhifadhi matukio mapya baada ya kufanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953. Mgonjwa huyo alipewa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama kwenye kioo, na siku baada ya siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, ingawa kila mara alidai kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo. Ujuzi wa mkono una hifadhi yake katika ubongo, mbali na hifadhi ya matukio. Habari za ugomvi wa familia yenu mtu anaweza kuzisikia popote, lakini hakuna anayemsimulia mwenzake namna ya kuinua komeo kwa kidole gumba. Mzee huyu, kwa maoni yangu, aliwahi kuishi katika nyumba hiyo.

Kuishi humo, hata hivyo, si sawa na kuzaliwa na babu yako. Ukimtembelea, mwombe akuonyeshe picha za zamani kama anazo, kisha mwache azungumze juu ya babu, bibi na shangazi bila kumkatiza. Kama ndugu watataka uthibitisho zaidi baadaye, kipo kipimo cha DNA, lakini kieleweke vizuri. Wewe na baba mdogo mnatarajiwa kufanana vinasaba kwa takriban 25%, na kiwango hicho hicho hupatikana pia kwa watu waliochangia mzazi mmoja tu, kwa hiyo majibu yenu ninyi wawili peke yake yanaweza kuzua maswali mapya. Kipimo kinachofaa ni kati yake na baba yako, kwa sababu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hufanana kwa wastani wa 50%. Kinahitaji ridhaa ya wote wawili, na nakusihi kisiwe jambo la kwanza kuulizwa. Mtu aliyelia mbele yako anastahili kusikilizwa kabla ya kuombwa mate yake kwenye kijiti.

Juu ya vyumba, huenda nyote wawili mnasema kweli. Watu wazima wengi hawana karibu chochote wanachokikumbuka cha kabla ya umri wa miaka 3, na ndiyo maana uso wake ni mgeni kwako. Unachokijua wewe ni nyumba ya baada ya yeye kuondoka. Anachokijua yeye ni nyumba ya kabla. Wazee hubadilishana vyumba kwa sababu ya maradhi, ya joto, au kwa sababu mmoja ametangulia. Muulize mtu aliyekuwapo nyakati zote mbili. Kuhusu akili yake, jina moja lililokosewa katika dakika ya mshtuko si ugonjwa. Ningekuwa na wasiwasi kama angerudia swali lile lile mara kadhaa katika mazungumzo mafupi, kama angepotea katika njia anayoijua, au kama angeshindwa kazi ndogo za kila siku. Ukiyaona hayo, basi daktari ahusishwe.

Suala la nyumba nalo liache pembeni. Usimkabidhi ufunguo, usibadilishe kitasa kwa uamuzi wako peke yako, na usimwahidi wala kumnyima chochote. Ikiwa kweli ni mtoto wa aliyeijenga, ugomvi wa zamani peke yake haufuti haki zake, na wa kuliamua hilo ni warithi wote kwa kufuata sheria, si wewe.

Mpigie simu, umwamkie kama unavyomwamkia baba mdogo yeyote, kisha umuulize waziwazi: "Ungependa baba ajue kwamba tumeonana?" Akikubali, nenda kwa baba yako mchana, akiwa ametulia na ametumia dawa zake, wala usimpe habari hiyo kwa simu au mbele ya watu. Anza na yale yasiyotisha: kwamba mdogo wake yu hai, na kwamba mlionana kwa amani. Nyamaza hapo umsikilize. Usimuulize kama amesamehe, na usibebe shutuma za mmoja kumpelekea mwingine, kwa maana ukishakuwa tarishi wa ugomvi wao hutaweza kujitoa kirahisi. Baba akikataa kumwona, ukubali uamuzi wake, lakini hulazimiki kuukata uhusiano wako na baba mdogo.

Akikataa yeye, itunze siri yake, na umwekee mpaka mapema: baba akikuuliza moja kwa moja, hutamdanganya. Jambo moja tu usimfiche. Mwambie kwamba umri wa kaka yake umekwenda na kwamba afya yake si kama aliyoiacha, kisha umpe muda wa kuamua akiwa analijua hilo.