Kipimo cha kwanza cha damu kilitoka safi, na kidole tumbo kilikuwepo

Waalaykum salaam. Umeuliza: mdogo wako wa kike anaumwa tumbo kulia chini tangu jana usiku, kipimo cha damu kimetoka safi, je, mkae naye nyumbani? Msikae.

Mwanangu, miaka 12, alianza kulalamika kitovuni baada ya Magharibi. Urojo alioutaka mwenyewe akausukuma. Bibi yake akasema mchango. Usiku akatapika, maumivu yakashuka kulia. Kituo cha kwanza (jina naliacha) wakampima: chembe nyeupe za damu 9,200, hesabu ya kawaida, na CRP (protini ya damu inayopanda mwilini kukiwa na uvimbe au maambukizi) chini. Tukapewa dawa ya minyoo.

Alfajiri tukakodi gari kutoka Konde hadi Chake Chake. Kila tuta la barabarani mtoto ananibana paja, goti la kulia kalikunja. Nilipomsimulia daktari habari ya matuta, akaiandika kabla hajamgusa. Damu ikarudiwa: chembe nyeupe 15,800, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) asilimia 86, CRP imepanda. Jioni akapasuliwa. Kidole kilikuwa kimevimba, bado hakijapasuka.

Daktari alinifahamisha hivi. Chembe nyeupe hutangulia kupanda. CRP huchelewa, mara nyingi haionekani vizuri mpaka zipite saa 12 hivi, na kilele chake ni kwenye siku ya pili. Sisi tulipima mapema mno. Bilirubini (rangi ya manjano iliyomo kwenye damu na nyongo) nayo ikipanda, madaktari wanaingiwa na shaka kwamba kidole kimepasuka. Lakini chembe nyeupe hupanda pia kwa nimonia, kwa maambukizi ya mkojo, hata kwa mjamzito asiye na ugonjwa wowote. Kuna hesabu ya Alvarado ya kukadiria kama ni kidole tumbo, ya mwaka 1986, yenye alama 10: damu ina 3 tu. Saba zilizobaki ni homa, kutapika au kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, maumivu kuhama, na mkono wa daktari tumboni. Kwa hiyo aliyekusomea karatasi bila kumlaza mgonjwa akambonyeza, kakupa chini ya nusu ya jibu.

Na kwa kuwa ni mwanamke, kama ameshavunja ungo apimwe mkojo wa mimba, hata mkiona haya. Mimba iliyotunga nje ya mfuko huweza kuuma mahali hapo hapo, na hiyo inaua haraka.

Mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji. Asile wala asichuliwe tumbo. Chukueni karatasi ya kipimo cha jana, na juu yake andikeni saa maumivu yalipoanza na saa aliyotolewa damu.